Chombo Kilichofungiwa: Ni Uangalifu au Ni Dhuluma?

Kuna swali moja ambalo limetusumbua siku nyingi, nasi twaliweka leo mbele yenu, ninyi wazazi, wazee wa kanisa, na waalimu wenzetu wa milimani Mbinga na wa kando ya Ziwa Nyasa, mtusaidie kulipima. Swali lenyewe ni hili: mtu aliyekabidhiwa chombo kwa ajili ya watoto wa watu, naye akakifungia kabatini ili kisiharibike, je, huyo ni mlinzi mwema, au amewadhulumu watoto?

Swali hili si la maneno matupu. Mwezi wa Agosti mwaka 2022 nchi yetu ilihesabu watu wake. Makarani hawakuandika kwa karatasi kama zamani, bali kwa vishikwambi, yaani vile vibao vya kioo viendavyo kwa umeme, ambavyo mtu huviandika kwa ncha ya kidole. Hesabu ilipokwisha, tulijulikana kuwa watu 61,741,120. Kisha Serikali ikaamuru vishikwambi vile wagawiwe waalimu, viwe vyombo vya kazi ya kufundisha. Tena wako wafadhili waletao kompyuta, na mabamba ya kunasa nguvu ya jua, na mashine za kutupa picha ukutani. Basi vyombo vimeanza kufika. Lakini kufika kwa chombo ni jambo moja, na kufika kwa faida yake ni jambo jingine. Katikati ya mambo hayo mawili amesimama mtu, ndiye kiongozi.

Tuanze kwa kuungama. Miaka michache iliyopita, katika shule moja ya milimani tuliyofundisha, zililetwa kompyuta sita na projekta moja. Siku ile palikuwa na ngoma na hotuba, watoto wakaimba, na picha zikapigwa. Wageni walipokwisha kuondoka, mkuu wetu alimwita fundi, akatia komeo la chuma katika kabati la ofisini, akazipanga kompyuta humo moja moja, akazifunika kwa kitambaa cheupe kama cha altare, akatia ufunguo mfukoni. Miezi kumi na minne ikapita. Kila Ijumaa mtoto mmoja aliitwa kupangusa vumbi juu ya kabati. Ndani hakuingia mtu.

Hatukumlaumu mkuu wetu. Na hapa ndipo penye aibu yetu: mioyoni mwetu tulishukuru. Maana kati yetu waalimu tisa, wawili tu walijua kuviendesha vyombo vile, nasi hatukuwa katika hao wawili. Tuliogopa siku ambayo mtoto wa darasa la tano, mwenye kaka aliye na duka la simu mjini, angetufundisha mbele ya wenzake. Basi komeo lile halikuwa la mkuu peke yake. Tulilitia sote, yeye kwa chuma, sisi kwa kunyamaza.

Sasa yatupasa kumtendea haki mtu yule, tusimhukumu kabla ya kumsikiliza. Alikuwa na sababu nne, na hakuna hata moja iliyokuwa ya uongo. Kwanza, vyombo vile viliandikwa kwa jina lake. Kikipotea kimoja, yeye ndiye atakayeulizwa, na mshahara wake wajulikana. Pili, umeme ulikuwa wa kubahatisha. Ni kweli kwamba mwaka 2018 njia kubwa ya umeme kutoka Makambako ilifika Songea, na tangu hapo nchi yetu imeanza kutoka katika taabu ya majenereta ya dizeli. Lakini nguzo hazijasimama mlangoni pa kila shule ya kijiji. Tatu, alijua ya kuwa kioo kile kile kionyeshacho moyo wa mwanadamu unavyopiga chaweza kuonyesha machafu yanayomharibia kijana moyo. Nne, waalimu wake hawakujua kazi ile, wala hakuna aliyetumwa kutufundisha. Mtu asemaye kwamba sababu hizi ni bure, huyo hajawahi kubeba dhamana ya mali ya watu.

Walakini sababu kuwa ya kweli haitoshi. Yafaa tuulize pia: gharama ya uamuzi huu yalipwa na nani? Kabati likifungwa, mkuu hupata amani ya moyo, mwalimu hupona aibu, na mfadhili hubaki na picha yake. Ni nani asiyepata kitu? Ni yule mtoto aliyeshuka mlima saa kumi na moja alfajiri, miguu yake ikiwa na umande, aje kujifunza. Yeye hakuulizwa. Uamuzi ambao faida yake humwendea mwenye nguvu, na hasara yake humwendea asiye na sauti, huo ni uamuzi wa kuogopwa, hata kama umefanywa kwa nia njema.

Tena Wakristo hatuna haja ya kutafuta mbali. Sote twajua mfano wa Bwana wetu katika Injili ya Mathayo, habari ya watumwa waliokabidhiwa talanta. Yule wa tatu hakuiba. Hakucheza kamari, hakunywa pombe. Alifukia tu, akarudisha kamili kama alivyopewa. Alijitetea kwamba aliogopa. Wengi wetu, tukisema kweli, twamwonea huruma, kwa sababu twafanana naye. Lakini Bwana wake hakumsifu kwa uaminifu. Kumbe basi, yako makosa ambayo mkono haukutenda lolote, nayo ni makosa.

Je, twasema kwamba kila chombo kiachwe wazi, kila mtoto akichezee? La, hasha. Kulinda ni wajibu. Bali kulinda si kuficha. Na tofauti yake ni hii. Alindaye ana siku na ana mpango: asema, leo nafunga kwa sababu hatujui, mwezi ujao tutajifunza, baada yake tutafungua. Afichaye hana siku. Mkulima aweka mbegu juu ya meko zisiliwe na wadudu, lakini anangoja mvua. Ikinyesha naye asipande, hatumwiti tena mwangalifu. Basi, ukitaka kujua kama kabati lako ni ghala au ni kaburi, jiulize: litafunguliwa lini?

Watu husema kwamba vyombo vipya ni vya wageni, na ya kuwa sisi watu wa milimani si watu wa mitambo. Hilo si kweli. Tazameni ngolo. Wazee wa Wamatengo, wakikaa katika miteremko mikali, walifikiri namna ya kuuzuia udongo usiondoke na mvua. Majani hufyekwa, yakalazwa kwa mistari inayokatana kama macho ya wavu; kisha udongo wa katikati huchimbwa na kuyafunika, pakabaki shimo na matuta pande nne. Mvua ikija, maji hukaa shimoni badala ya kukimbia na shamba; majani yakioza huwa mbolea. Wataalamu wametoka mpaka Japani kuja kuyasoma mashimo haya. Huo ni ufundi kamili, nao ulizaliwa kwetu.

Na ngolo zatufundisha mambo mawili juu ya uongozi. La kwanza, hakuna aliyejifunza ngolo kwa kusomewa amri. Kwa desturi wanaume walifyeka na kulaza majani, wanawake wakachimba na kupanda, na mtoto akasimama kando akiona, kisha akapewa jembe. Mkubwa alifundisha akiwa ameinama. La pili, ngolo ni za mteremko. Mtu akizichimba katika mpunga wa bondeni, au katika mchanga wa Mbamba Bay panapota mihogo, watu watamcheka, nao watakuwa na haki. Hivyo kiongozi wa shule, chombo kikimfikia, na aulize kwanza: mteremko wetu ni upi? Ni wapi ambapo udongo wetu unachukuliwa na maji? Pengine ni hesabu, pengine ni somo la sayansi lisilo na maabara, pengine ni vitabu vichache, ambapo watoto sita husoma kimoja. Chombo na kipelekwe pale palipo na hasara, wala si pale ambapo mgeni atakiona.

Tushuke sasa mpaka ziwani. Wazee wa kando ya Nyasa wameikumbuka sana meli ya Chauncy Maples. Ilipewa jina la askofu wa Waanglikana aliyekufa maji katika ziwa hili mwaka 1895. Iliundwa Glasgow katika nchi ya Uskoti, ikafunguliwa vipande maelfu, ikapitishwa Msumbiji na mito ya Zambezi na Shire, na tangi lake kubwa la mvuke likavutwa nchi kavu na mamia ya watu kwa kamba. Mwaka 1901 ikashushwa majini. Meli ile ilikuwa hospitali, ilikuwa kanisa, tena ilikuwa chuo cha kufundishia waalimu. Hebu fikirini: kama wangeivuta kwa jasho kubwa namna ile, kisha wakaifunga gatini isipate mikwaruzo, watu wangesemaje? Na kama wangeipeleka vijijini bila mwalimu wala mganga ndani yake, ingekuwa nini ila moshi upitao? Chuma kile kilipata thamani kwa sababu ya watu waliokuwamo na kazi waliyoipanga.

Ziwa hili hili lilitufundisha pia hatari ya kukosa habari. Mwezi wa Agosti mwaka 1914 meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu hapo Liuli, ambapo wao walipaita Sphinxhafen, ikitengenezwa. Ikaja meli ya Waingereza, Gwendolen, ikapiga mzinga. Nahodha Mjerumani alishangaa na kukasirika, kwa kuwa yule aliyempiga alikuwa rafiki yake wa zamani. Mwingereza alikwisha kupewa habari kwamba vita imeanza. Habari hiyo haikuwa imemfikia Mjerumani. Hakushindwa kwa uoga wala kwa uvivu. Alishindwa kwa kuwa mwenzake alijua jambo ambalo yeye hakulijua. Hatulisemi hili kwa kupenda vita. Twasema kwamba watoto wetu wataketi katika mtihani mmoja na watoto wa Dar es Salaam, na baadaye watauza kahawa yao katika soko moja na watu wa Brazili. Tukiwanyima njia ya kujua, twawapeleka uwanjani wakiwa hawajui hata kwamba mchezo umeanza.

Sasa tutazame mfano wa uongozi mwema katika nchi yetu wenyewe. Mwaka 1973 palifanywa kampeni ya afya kwa redio, iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walishiriki. Lakini msidhani ya kuwa Serikali ilinunua redio, ikaziacha zipige kelele. La. Kwanza walifundishwa viongozi wa vikundi, wapata 75,000. Kila kikundi kilikutana, kiongozi akafungua redio, wakasikiliza, wakasoma kijitabu, wakazungumza, kisha wakaazimia kazi: kuchimba choo, kufyeka majani, kuchemsha maji. Redio ilisema kwa dakika chache tu. Watu walifanya kazi kwa siku nyingi. Hapo chombo kilikuwa mtumishi, na watu walikuwa mabwana.

Mwaka uliofuata, 1974, nchi ile ile ilipiga marufuku kuingiza kompyuta. Hofu yao haikuwa ya kijinga: mashine zilizotangulia kutumiwa katika hesabu za Serikali zilikuwa zimeleta hasara na fujo. Baadaye marufuku ikalegezwa, na mwaka 2007 Wizara ya Elimu ikatoa sera ya kutumia vyombo hivi mashuleni. Lakini miaka iliyopita haikurudi. Mambo hayo mawili tuyaweke mkono kwa mkono. Katika la kwanza, watu walianza kwa kuwafundisha viongozi, na chombo kikazaa. Katika la pili, chombo kilitangulia ujuzi, kikaleta hasara, na dawa ikawa ni kufunga mlango. Mlango uliofungwa ulizuia hasara. Haukumfundisha mtu yeyote.

Kutokana na hayo twaona ya kuwa kiongozi wa shule ana wajibu wa namna nne.

Kwanza, na ajifunze yeye mbele ya wengine, wala asione haya kujifunza kwa mdogo wake. Hili ndilo gumu kuliko yote, nasi twalijua. Mwalimu amezoea kuwa yeye ndiye ajuaye. Lakini wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mwalimu akikubali mbele ya darasa kwamba jambo fulani halijui, na kisha akalitafuta pamoja nao, heshima yake haipungui. Amewaonyesha watoto kwa mfano kwamba mtu mzima naye hujifunza, nalo ni somo kubwa kuliko lolote lililo katika kompyuta.

Pili, na aweke sheria chache pamoja na kamati ya shule. Pawe na daftari: nani amechukua, saa ngapi, kwa somo gani, amerudisha lini. Tena patofautishwe kati ya chombo kilichovunjika kazini na kilichovunjika kwa uzembe au ulevi. Jembe likivunjika shambani, mwenye nyumba hampigi mkulima. Likivunjika kilabuni, hiyo ni kesi. Mwalimu akijua kwamba akivunja kwa bahati mbaya katika kazi ya haki hatakatwa mshahara peke yake, hofu itapungua, na kabati litafunguka.

Tatu, na ahesabu matunda, asihesabu vyombo. Tumesikia taarifa nyingi zisemazo: shule yetu ina kompyuta kadha wa kadha. Hiyo ni hesabu ya ghala. Hesabu ya shule ni hii: ni watoto wangapi leo waelewa jambo ambalo jana hawakulielewa? Na mwalimu mwenye kishikwambi aangalie pia mfuko wake mwenyewe, maana mfuko nao waweza kuwa kabati. Wako waalimu, na sisi tumekuwamo, ambao chombo kile kimewapa mpira wa jioni na picha za harusi kuliko somo la asubuhi.

Nne, na awatangulize wanyonge. Chombo kikiwa kimoja, mwenye kiwiko kikali atakuwa mbele siku zote, na aghalabu msichana, na mtoto wa maskini, na yule atokaye mbali, watatazama migongo ya wenzao. Zamu iandikwe, nayo ifuatwe.

Labda msomaji atatuuliza: je, hamwogopi kwamba watoto wataacha kufikiri, wanakili tu majibu ya mashine? Twaogopa, tena sana. Lakini mtoto aliweza kunakili hata kwa kalamu ya risasi, akitazama daftari la jirani. Dawa yake haikuwa kukataza kalamu. Ilikuwa mwalimu kutembea kati ya madawati, na kumwuliza mtoto: umelipataje jibu hili? Swali hilo hakuna mashine iwezayo kulijibu mahali pa mtoto, akiwa amesimama mbele ya mwalimu wake. Kwa hiyo kadiri vyombo vinavyozidi, kazi ya mwalimu haipungui, bali yaongezeka.

Tumalize habari ya kabati letu. Lilifunguliwa si kwa busara yetu, bali kwa neno la mama mmoja mzee, mjumbe wa kamati, asiyejua kusoma ila kidogo. Siku ya mkutano alitazama lile kabati, akauliza ni nini kilichomo. Akajibiwa. Akanyamaza kitambo, kisha akasema kwa adabu, “Baba Mwalimu, naomba kuuliza. Majembe haya yanangoja mvua gani?”

Hakuna aliyecheka. Mkuu wetu aliinamisha kichwa. Kesho yake akamwita mwalimu kijana kuliko wote, akamwambia mbele yetu, “Mwanangu, nifundishe kuwasha.” Kwa neno lile moja alitufungulia sote. Tulijifunza jioni, baada ya watoto kuondoka, waalimu wenye mvi na wasio na mvi. Wiki ya nne darasa la sita likaona ukutani jinsi damu inavyoingia na kutoka moyoni, na mtoto mmoja msichana, ambaye hatukuwahi kusikia sauti yake mwaka mzima, akanyosha mkono na kuuliza kwa nini damu hairudi nyuma.

Lakini ni lazima tuseme na lililobaki, lisije likaonekana kwamba mambo yaliishia kwa furaha tupu. Kompyuta mbili kati ya zile sita hazikuwaka. Hazikuvunjwa na mtu. Zilikufa kabatini, chini ya kitambaa cheupe, kwa kukaa muda mrefu bila umeme. Na darasa la saba la mwaka uliotangulia lilikuwa limekwisha kuondoka, wengine wakaenda sekondari, wengine mashambani na mitumbwini, bila kuona kitu. Kompyuta zaweza kununuliwa nyingine. Watoto wale hatuwezi kuwarudisha darasani.

Basi ndugu zetu, jibu letu kwa swali la mwanzo ni hili: mwenye kufunga ili ajiandae ni mlinzi, mwenye kufunga ili apumzike amechukua kilicho cha mtoto. Nasi tulionyamaza tulikuwa washiriki wake. Ninyi wazazi, mkienda mkutanoni shuleni, ulizeni kwa heshima, kama alivyouliza yule mama. Nasi waalimu tukiulizwa, tusikasirike. Mungu atujalie kuwa watumishi wasioogopa kuchimba walichokifukia.